Pasi Ikipotea Ughaibuni, Shahidi Yuko Sandukuni Nyumbani

Ilikuwa baada ya sala ya isha, nami nimekaa barazani kwangu Msambweni nikipunga upepo, nilipomwona mwanamke anakuja huku anamulika njia kwa taa ya simu, na kwapani amebana kasha la bati. Akapiga hodi, nikamkaribisha. Alikuwa ni jirani yetu, mjane, ambaye binti yake alikwenda Riyadh kufanya kazi za nyumbani yapata miaka miwili nyuma. Jina lake sitalitaja, wala la bintiye, maana mambo ya nyumba za watu ni amana.

"Mwalimu," akaniambia kabla hata hajakaa, "mwanangu amenipigia simu. Yuko ubalozini. Wanataka karatasi ya kuonyesha kwamba yeye ni yeye. Nami kusoma sijui. Tafadhali nitazamie humu."

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Siku ile binti alipofika kwa mwajiri wake, pasi yake ilichukuliwa ikawekwa kabatini. Mkataba ulipokwisha akaomba kurudi kwao, akaambiwa pasi haionekani. Akakaa wiki, akakaa mwezi, jawabu ni lile lile. Mwishowe akaonyeshwa njia na Wakenya wenzake, akafika ubalozini na nguo alizovaa na mkoba mmoja. Maofisa wakamuuliza nambari ya pasi yake, akawa haijui. Wakamuuliza nambari ya kitambulisho, akaikumbuka nusu. Nakala zake zote zilikuwa ndani ya simu, na simu ilikuwa imeingia maji ikafa.

Basi tukalifungua kasha pale pale barazani. Tukatoa kadi ya kliniki ya tangu binti yu mchanga, risiti za karo, kitambulisho cha marehemu baba yake, juzuu ya Amma iliyotoka jalada, picha ya harusi iliyoliwa na mende pembeni. Nikawa nasoma moja moja kwa sauti, mama naye akitikisa kichwa. Chini kabisa palikuwa na karatasi imekunjwa mara nne. Upande wa juu imeandikwa kwa kalamu hesabu ya nazi: fulani amechukua kadha wa kadha, amelipa kadha, anadaiwa kadha. Nilipoigeuza nikaona uso wa binti. Ilikuwa fotokopi ya kitambulisho chake, iliyotolewa wakati wa kushughulikia safari, ikazidi moja, mama akaifanya karatasi ya kuandikiwa deni.

Msomaji, fikiri. Karatasi ile haikuwekwa kwa sababu ya kitambulisho. Iliwekwa kwa sababu ya nazi.

Usiku ule ule kijana mmoja akaipiga picha kwa simu yake, pande zote mbili kwa kukosea, akaituma. Nami nilipobaki peke yangu nikasema moyoni kwamba jambo hili lazima liandikwe, kwani nyumba nyingi za huku kwetu, kuanzia Likoni ukishuka Diani, Gazi, Msambweni hadi Vanga, zina mtoto aliye Saudia, Qatar, Omani au Imarati, na nyingi hazijui karatasi zake ziko wapi.

CHETI CHA DHARURA

Mtu aliyepotelewa na pasi akiwa nchi ya watu hapewi pasi mpya siku ile. Pasi za Kenya zinachapishwa nyumbani, nazo tangu mwaka 2017 ni zile za kielektroniki za Afrika Mashariki, zenye alama za mwili wa mwenyewe zilizohifadhiwa ndani yake. Anachoweza kupewa kwa haraka na ubalozi ni cheti cha dharura cha kusafiria. Hiki ni karatasi ya safari moja tu, tena ya upande mmoja: kutoka alipo mpaka Kenya. Hakimpi ruhusa ya kupitia kwa shemeji Dubai akakaa wiki, wala kwenda kutafuta kazi nchi nyingine. Akishafika nyumbani kazi yake imekwisha, na ikiwa atataka kusafiri tena itambidi aombe pasi upya.

Kazi hii ya kutoa hati za safari kwa raia wake, ubalozi haukuibuni. Imo katika Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963 kuhusu mambo ya ubalozi mdogo, ambao unataja kutoa pasi na hati za safari kuwa ni miongoni mwa kazi za afisa wa ubalozi. Na kwetu Kenya, Katiba ya mwaka 2010 katika ibara ya 12 inasema kwamba kupata pasipoti na hati za kumtambulisha ni haki ya kila raia, na ibara ya 39 inampa kila raia haki ya kuingia na kukaa nchini mwake. Kwa hivyo anayesimama mbele ya dirisha la ubalozi asijione kuwa ni mwombaji wa sadaka. Amekuja kuchukua haki yake.

Lakini hapa ndipo penye fundo. Haki ni ya raia, na ofisa aliye nyuma ya dirisha hamjui huyu aliye mbele yake. Kiswahili peke yake hakitoshi, maana kinasemwa Tanga, Unguja, Bujumbura na Bukavu. Jina peke yake halitoshi, maana akina Fatuma na Mwanaisha hatuna hesabu yao. Ofisa akikosea akampa asiyekuwa Mkenya, amevunja sheria. Akimnyima Mkenya, amemdhulumu. Kinachoamua baina ya haya mawili ni ushahidi, na ushahidi wenyewe aghalabu hauko kule. Uko nyumbani, ndani ya kasha kama lile la jirani yangu.

NJIA YENYEWE

Aliyepotelewa na pasi huanzia polisi wa mji ule alipo. Huko hueleza ilipotelea wapi na lini, akapewa karatasi yenye muhuri. Wengi huiruka hatua hii kwa hofu ya polisi, kisha wakafika ubalozini wakarudishwa, siku zikapotea bure.

Baada ya hapo ni ubalozini. Kwa Saudia, ubalozi wetu uko Riyadh. Huko hujazwa fomu, hutakiwa picha ndogo, karatasi ya polisi, nakala ya pasi iliyopotea ikiwa ipo, au kitambulisho au cheti cha kuzaliwa, na aghalabu tikiti au mpango wa safari. Mwenye vitu hivi husikilizwa upesi. Asiyekuwa navyo hubidi habari zake zitafutwe Nairobi, na kutafuta ni kusubiri.

Cheti kikishatoka, bado kuna mlango mmoja, nao ndio unaowashangaza wengi. Cheti kinamwezesha mtu kuingia Kenya. Hakimtoi Saudia. Kutoka ni shauri la wenyewe. Viza aliyoingilia imeandikwa kwa pasi ya zamani, basi ni lazima jawazati, yaani idara yao ya uhamiaji, waihamishie kwenye hati mpya. Mfanyakazi naye ana ikama yake, na huhitaji khuruji, ile ruhusa ya kutoka moja kwa moja. Na kama kafili amekwisha mwandikisha kuwa ametoroka, jambo wanaloliita huruubu, njia inakuwa ndefu zaidi na mara nyingi hupitia tarhili, kituo cha wanaorudishwa makwao.

Mageuzi ya sheria za kazi yaliyoanza kule mwezi wa Machi 2021 yaliwalegezea wafanyakazi wa makampuni wakaweza kutoka bila idhini ya mwajiri. Wafanyakazi wa nyumbani, ambao ndio mabinti zetu, hawakuwamo. Hata hivyo ni vyema ijulikane na kila mzazi kwamba sheria za Saudia zenyewe zinamkataza mwajiri kuishika pasi ya mfanyakazi wake. Anayeishika anavunja sheria ya nchi yake, na binti anayeidai si mkaidi. Tena pasi si mali ya kafili wala ya wakala. Hata mwenyewe hana milki kamili juu yake, kwani ni mali ya serikali iliyoitoa.

Kwa sababu hiyo, pasi iliyoshikwa isiitwe iliyopotea. Anayejua kuwa pasi yake i kabatini kwa mwajiri aseme hivyo hivyo kwa polisi na kwa ubalozi. Pasi ikishatangazwa kuwa imepotea hufutwa, na nambari yake huweza kuingizwa katika daftari la Interpol la hati zilizopotea na kuibwa, lililoanzishwa mwaka 2002. Siku ikionekana chini ya godoro, isitumike tena. Wako waliofurahi kuiona wakasafiri nayo, wakazuiliwa uwanja wa ndege.

JAWAZI NI RUHUSA

Sisi tuliosoma chuoni, neno jawazi si geni kwetu. Waarabu huiita pasi jawazi ya safari, na mzizi wake ndio ule ule uliotupa Kiswahili chetu cha kusema jambo hili lajuzu, jambo hili ni jaizi. Maana yake ni kupita, na ni kuruhusiwa. Mwenye jawazi amejuzishwa kupita.

Nalo si jambo la leo. Ibn Battuta, yule msafiri wa Tanja aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alipotoka Misri kwenda Shamu mwaka 1326 alipita kituo cha Qatya jangwani, na katika kitabu cha safari zake anaeleza kwamba hapo hapakupita mtu bila ya hati. Basi hata miaka karibu 700 iliyopita, katika nchi za Kiislamu, walikuwako waliosimamishwa wakaulizwa karatasi.

Hati ya kumfaa aliyekosa nchi pia ina historia yake. Mwaka 1922 Fridtjof Nansen, Mnorwe aliyefanya kazi na Shirikisho la Mataifa, aliwatungia wakimbizi wa Kirusi waliokuwa wametawanyika Ulaya hati iliyokuja kuitwa pasi ya Nansen, na zaidi ya nchi 50 zikaikubali. Fikra yake ilikuwa nyepesi: mwanadamu asiye na karatasi si kwamba hayuko. Yuko, ila hakuna aliyemwandikia.

KWALE NA KARATASI

Ama sisi watu wa Kwale, uhusiano wetu na karatasi una uchungu wake. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza serikali ya kikoloni iliwalazimisha wanaume wa Kiafrika kubeba kipande chenye alama za vidole, ndani ya kikebe cha bati kilichoning'inizwa shingoni. Wazee wetu waliona karatasi kuwa ni kitanzi, wala hawakuona kwamba siku moja itakuwa ni ngao. Wanawake nao waliachwa nje kabisa. Ni mwaka 1978 tu ambapo sheria ya kuandikisha watu ilibadilishwa, wanawake nao wakaanza kupewa vitambulisho. Msomaji akikutana leo na bibi ambaye hajui mwaka aliozaliwa wala hana hati ya kumpa mjukuu anayeulizwa asili yake, asimlaumu. Hakuna aliyemwandika.

Kisha kuna mpaka. Waingereza na Wajerumani walipogawana nchi mwaka 1886 walivuta mstari kuanzia mdomo wa mto Umba, karibu na Vanga, wakampasua Mdigo vipande viwili. Shangazi yuko Moa, mpwa yuko Jego. Arusi ikiwa Tanga, watu wa Lunga Lunga wanakwenda, na kwenye kituo cha Horohoro wanajaziwa karatasi ya muda. Kwa wenzetu wa mbali hii ni safari ya ng'ambo. Kwa wa Vanga ni kwenda kumjulia hali mgonjwa. Lakini huo mpaka ndio uliofanya mtu wa Kwale, akiomba kitambulisho au pasi, aulizwe maswali ambayo mtu wa bara ya kati haulizwi: babako alizaliwa wapi, babuye je, na karatasi yake iko wapi.

Wamakonde wa Msambweni wanayajua haya kuliko sisi. Wazee wao walitoka Msumbiji wakaja kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na ya miwa, wakazaa, wakazikana hapa, na kwa miongo mingi watoto wao wakawa hawana kitambulisho. Asiyekuwa nacho hafungui akaunti ya benki, hasajiliwi kupiga kura, wala pasi haioti. Mwezi wa Oktoba 2016 walifunga safari kutoka Kwale mpaka Nairobi, sehemu ya njia kwa miguu, wakafika kwa Rais Uhuru Kenyatta, naye tarehe 13 mwezi ule akaamuru waandikishwe. Mwanzoni mwa 2017 wakapewa vitambulisho vyao, wakahesabiwa kuwa ni kabila la 43 la Kenya. Wapemba waliotapakaa pwani hii, wavuvi waliokuwa wakikimbizana na leseni wasizoweza kupata, nao walingoja mpaka Julai 2023, Rais William Ruto alipowatangaza kuwa raia. Na mwezi wa Februari 2025 akatia saini tangazo la kuondoa uhakiki wa ziada wa vitambulisho kwa wakazi wa kaunti za mpakani.

Haya ni ya kushukuru. Lakini tangazo si kitambulisho, na kitambulisho si cheti cha kuzaliwa. Kila kimoja hufuatwa. Nimeyataja kwa sababu mtu ambaye karatasi yake ya kwanza ilipatikana kwa tabu ndiye atakayepata tabu mara mbili akipoteza ya pili ugenini.

MGENI WA DIANI NA BINTI WA MSAMBWENI

Tazama mfano ulio mbele ya macho yetu. Mwingereza amelala juani pwani ya Diani, anaamka mkoba haupo, na pasi ilikuwa ndani. Atahuzunika, sina shaka. Atakwenda polisi aandikiwe karatasi, kisha ataomba hati ya dharura kwa mtandao. Serikali yake inasema hati hiyo kwa kawaida huwa tayari siku mbili za kazi baada ya kuonana nao, na inaweza kumpitisha hata nchi tano njiani. Na kama ni raia wa nchi ndogo ya Umoja wa Ulaya isiyokuwa na ubalozi hapa, anaweza kuuendea ubalozi wa nchi nyingine ya umoja huo apewe hati ya dharura. Walikubaliana hivyo tangu mwaka 1996.

Mgeni huyu na binti wa Msambweni wamepotelewa na kitu kimoja. Tofauti yao ni kwamba yule jina lake liko katika madaftari tangu siku aliyozaliwa, na anapotaja tarehe, daftari linamjibu. Wa kwetu alizaliwa nyumbani kwa mkunga, akaandikwa akiwa na miaka 17 kwa sababu ya mtihani, na herufi za jina lake kwenye cheti si zile za kwenye kitambulisho. Kwenye kimoja ni Mwanahamisi, kwenye kingine Mwanakhamis. Kwetu ni jina moja. Kwa mashine ni watu wawili.

Sisi Afrika Mashariki tuna jumuiya yetu, tuna pasi ya rangi moja, na tunaimba umoja. Ingekuwa jambo la maana kama Mkenya aliyekwama mahali pasipo na ubalozi wetu angeweza kubisha hodi kwa Mtanzania au Mganda akapewa karatasi ya kumfikisha kwao. Wakubwa wanaokutana Arusha walitie hilo katika mazungumzo yao.

YA KUFANYA KABLA YA SAFARI

Wahenga walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Msafiri hata aende mbali vipi, marejeo yake ni nyumbani. Basi maandalizi ya kurudi yafanywe siku ya kuondoka, na wala si kazi kubwa.

Kwanza, mtoto aandikishwe anapozaliwa. Sheria inataka iwe ndani ya miezi sita, na aliyezaliwa nyumbani huandikiwa kwa naibu wa chifu wa mtaa. Hiyo ndiyo pasi ya kwanza ya mwanadamu, na nyingine zote huzaliwa na hiyo. Herufi za jina zitazamwe hapo hapo, na ziwe ndizo hizo shuleni, kwenye kitambulisho na kwenye pasi.

Pili, kabla ya kuvuka feri ya Likoni, msafiri atoe nakala tatu za ukurasa wa pasi wenye picha, za kitambulisho, za cheti cha kuzaliwa, za viza na za mkataba wa kazi. Moja ibaki kwa mama, moja kwa mtu anayejua kusoma na mwenye amana, moja aende nayo mbali na pasi yenyewe. Tena zipigwe picha zitumwe kwa simu za watu wawili, kwani simu ya msafiri huibwa au huingia maji.

Tatu, nambari ya kitambulisho ihifadhiwe kwa moyo. Sisi tulihifadhi juzuu ya Amma tukiwa na miaka saba. Tarakimu nane haziwezi kutushinda.

Nne, familia ijue jina la wakala, la mwajiri, na la mji. "Yuko Saudia" si anwani.

Tano, kwa wanaokwenda hija na umra: pasi aghalabu huchukuliwa na wasimamizi wa msafara mkifika, na hilo ni desturi ya kule. Lakini usiachane na nakala yako, wala na kadi ya hoteli, wala na nambari ya kiongozi wenu. Mzee aliyepotezana na wenziwe Mina hupatikana upesi akiwa na karatasi mfukoni.

Na kwa waliobaki nyumbani ninalo la ziada. Qur'ani imemhesabu ibn sabil, msafiri aliyekatikiwa na njia, miongoni mwa wale wanane wanaostahiki zaka, katika Surat Tawba aya ya 60. Binti aliyekaa mlangoni kwa ubalozi hana nauli wala nguo ya kubadili ndiye huyo. Misikiti yetu inakusanya zaka kila mwaka, na wengi wetu tunawakumbuka maskini na mafakiri tukamsahau huyu. Cheti cha dharura hakinunui tikiti.

Nirudi kwa jirani yangu. Nambari ilipofika ubalozini jina lilionekana, habari za pasi zikapatikana, na cheti kikatoka. Khuruji ilichukua siku nyingi zaidi kuliko cheti. Lakini alasiri moja nilisikia vigelegele upande ule wa minazi, nikajua.

Siku ya pili binti alikuja kunisalimu pamoja na mamake. Alikuwa amekonda, na maneno yake machache. Mama akatoa ile karatasi, sasa imewekwa ndani ya mfuko wa plastiki, akaniambia anataka nimnakilie hesabu ya nazi mahali pengine, kwani deni lile bado halijalipwa na karatasi hii hataitoa tena kasha mpaka afe.

Nilimnakilia. Nikamkumbusha kwamba aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ile ya 282 katika Surat Baqara, haizungumzi vita wala Kiyama. Inazungumza habari ya kuandika madeni na kuweka mashahidi. Yeye hakujua kusoma, lakini alilitii neno hilo, akaandikisha deni lake la nazi akaliweka. Na karatasi ya deni ndiyo iliyomrudishia mwanawe.

Akacheka, akasema, "Basi Mwalimu, na huyo mwenye deni nitamsamehe nusu."